Mrejesho: nimetoboa tangi, boksi la sifoni nimeachana nalo

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza, ili maji ya tangi la samaki yashuke tangi la chini ambako pampu inayarudisha juu, nitoboe kioo au nitumie lile boksi la kuning'iniza ukingoni linalovuta maji kwa sifoni, yaani bomba lililopinda linaloyavusha maji juu ya ukingo bila pampu. Nimetoboa. Kilichonitoa kwenye sifoni ni hewa, vipovu vinajikusanya mdogo mdogo pale bomba linapopinda juu mpaka mvuto unakatika, na pampu ya chini haina habari, yenyewe inaendelea kupandisha maji tu hadi yanafurika sakafuni na wewe upo zako umelala.

Ila kabla ya kugusa drili hakikisheni kioo sio tempadi (kile kilichokazwa kwa joto), hicho hakitoboki, kinasambaratika chote. Changu ni cha kawaida, nikatumia biti ya almasi, spidi ndogo, maji yanatiririka muda wote, sikandamizi kabisa, na nilipokaribia kutokea upande wa pili nikalegeza mkono zaidi, nyuma nilishabandika tepu ili kipande kisidondoke. Unga wa kioo ulikuwa unatoka mzito kama uji. Pale kwenye tundu, washa ya mpira (ile pete ya kuzuia maji yasivuje) nimeiweka upande wa ndani, haivuji hata tone. Asanteni sana mlionishauri, nimefurahi mno.