Tupeane uzoefu: mtoto akifunga shule anasahau hadi silabi, mnafanyaje?

Mama Wawili: Wakuu, habari za jioni. Shule zimefungwa juzi tu, leo nimempa binti yangu wa la pili asome pakiti ya unga. Akasoma "se-mbe", akaniuliza tunaenda lini kwa bibi. Januari alirudi shule mwalimu akamwanzisha upya na ba be bi, na mwisho wa mwaka ana upimaji wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu). Wenzangu mnafanyaje?

Mrombo: Umenikumbusha Krismasi moja sitaisahau. Kijana wangu anaingia la pili, ripoti ya shule inasema kusoma A, na mimi nimeshamtambia mzee kwenye simu. Siku ya sikukuu mbuzi kachinjwa, mbege inazunguka, ukoo mzima umekaa. Mzee akamwita mjukuu, akampa Biblia: "Tusomee Luka mbili." Dogo akasimama wima, akakohoa kidogo, akaanza: "Juma ana mpira. Mpira wa Juma ni mwekundu." Kwa sauti, hakwami popote! Shangazi mmoja akaitikia "Amina".

Watu walicheka mpaka wakamwaga mbege. Mimi sikucheka. Kumbe mwanangu alikariri kitabu cha shule mwanzo mpaka mwisho, hata kufunua kurasa alikuwa anafunua kwa wakati wake. Usiku akanifuata: "Baba, nilikosea ukurasa?" Hapo ndipo iliniuma.

Kwa hiyo mama, kabla hujailaumu likizo, ziba picha kwa mkono, mwanzishie katikati ya ukurasa. Utajua kama anasoma au anaimba.

Kibajaji: Shangazi kaniua na hiyo Amina.

Tajiri Mtoto: Ndiyo matatizo ya kayumba hayo, shule za serikali. Wa kwangu yuko chekechea English medium, anasoma kama maji.

Mwl Mstaafu: Mpe neno "ng'ombe" leo usiku, kesho utuletee majibu.

Tajiri Mtoto: Ng'ombe wa nini mjini?

Mwl Mstaafu: Basi. Chukueni vizibo vya soda, andikeni silabi kwa maka pen, watoto wapange maneno wenyewe. Dakika 15 kabla ya katuni, zinatosha. Walio Dar, Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi ina sehemu ya watoto.

Chanika Mwisho: Nauli ya watoto watatu mpaka Posta, kwenda na kurudi, unanitumia wewe mwalimu? Waacheni watoto wapumzike. Mimi nilijulia kusoma kwenye magazeti ya kufungia maandazi.

Mswahili Minnesota: Huku likizo ni Juni mpaka Septemba. Maktaba za mitaa zinawapa watoto karatasi, wanajaza walichosoma, wanapata zawadi. Kiingereza hakipotei, kinachopotea ni Kiswahili. Nimempa wangu kazi: kila meseji ya bibi yake wa Tanga anaisoma kwa sauti, anamrekodia, bibi anamsahihisha. "Ghali" bado anasoma "gali".

Baba Nuru: Kwenye meseji kuweni makini. Likizo iliyopita niliweka sheria: chochote kilichoandikwa humu ndani kinasomwa kwa sauti. Dawa ya mswaki, risiti ya Luku, kila kitu. Siku ya nne tuko mezani, simu yangu ikaita mlio wa meseji, binti akaiwahi: "Ko-di ni-me-li-pa. A-sa-nte sa-na. U-si-che-le-we." Mama yake akaweka kijiko chini. "Umesoma vizuri mwanangu. Hebu rudia hapo kwenye kodi."

Kibajaji: Kodi ya nani mkuu?

Baba Nuru: Ya mdogo wangu.

Mrombo: Mdogo wako anakuambia usichelewe?

Mama Wawili: Jamani, mada ni kusoma. Hivyo vizibo, herufi hazifutiki?

Mwl Mstaafu: Bandika utepe wa plastiki juu.

Chanika Mwisho: Baba Nuru, binti sasa hivi anasomaje?

Baba Nuru: Anasoma sana. Na simu anakaa nayo mama yake.