PXE-E53 inanisumbua: mashine 14 zisizo na diski, seva moja, Buswelu

Mwalimu_Buswelu
Wakuu, habari za jioni. Nina darasa la kompyuta hapa Buswelu, Mwanza, chumba kimoja cha kupanga, mashine 14 ndogo za mtumba. Hazina diski, RAM ni 2 GB kila moja. Nataka ziwake zote kutoka kwenye seva moja kwa LTSP (mfumo wa kuwasha mashine nyingi kupitia mtandao), nikiweka programu mara moja kila mwanafunzi aipate. Seva ina Ubuntu 22.04 na imechomekwa kwenye swichi. Ruta ya watu wa intaneti nayo iko kwenye swichi hiyohiyo.

Nimefuata mwongozo niliokuwa nao siku nyingi: isc-dhcp-server (ya kugawa anwani), tftpd-hpa (ya kutuma faili la kuwashia kwa TFTP), halafu lts.conf (faili la mipangilio). Nikiwasha mashine, inasubiri kidogo, kisha PXE (sehemu ya mashine inayoiwasha kupitia mtandao) inasema:

`PXE-E53: No boot filename received`

Mara mojamoja inapita na kuanza kuvuta faili. Nikiizima na kuiwasha tena, inagoma. Ruta siwezi kuigusa, nenosiri wanalo wao na nimeshawapigia mara tatu. Jumatatu napokea kundi jipya, wawili kati yao wanavuka na kivuko kutoka Kamanga kila siku. Sitaki watoke kote huko waje kukuta skrini nyeusi. Naombeni msaada.

Fundi_Kirumba
Mwalimu, pole. Kebo na kadi ya mtandao ziache kwanza. E53 inasema hivi: anwani nimepewa, jina la faili la kuwashia sijapewa. Aliyeijibu mashine ni ruta, na ruta haijui lolote kuhusu seva yako. Una wagawaji wawili wa anwani kwenye mtandao mmoja, wanashindana. Hizo mara mojamoja zinazopita ni pale seva inapowahi.

Mwongozo wako pia umepitwa. LTSP iliandikwa upya mwaka 2019, lts.conf haipo tena, sasa ni /etc/ltsp/ltsp.conf. Ondoa isc-dhcp-server na tftpd-hpa, zote mbili, maana dnsmasq, ndiyo itakayotuma faili la kuwashia sasa, itahitaji bandari 69 ya TFTP. Kisha:

```
apt install --install-recommends ltsp ipxe dnsmasq nfs-kernel-server openssh-server squashfs-tools
ltsp dnsmasq
ltsp image /
ltsp ipxe
ltsp nfs
ltsp initrd
```

Wakati wa kusakinisha, dnsmasq inaweza kulalamika kwamba bandari 53 ina mtu. Usishtuke, amri ya `ltsp dnsmasq` inaizima kazi ya DNS. Ruta iache igawe anwani kama kawaida. Dnsmasq ikiwa proksi haimnyang'anyi kazi, inaongeza tu taarifa kwamba faili la kuwashia liko kwenye seva. Nenosiri la ruta hulihitaji kabisa.

`ltsp image /` inachukua muda, inabana mfumo mzima kuwa faili moja. Usiikatishe.

MamaNansio
Shikamoo Fundi. Mwalimu, mimi nina mashine 9 huku Nansio, Ukerewe, naongeza yaliyonitesa mimi.

Ukitoka E53 ukakutana na PXE-E32, hapo TFTP haijibu. Angalia ufw (ukuta wa moto) kwenye seva: fungua UDP 67, 69 na 4011, bandari za NFS (mashine zinasoma mfumo kutoka kwenye seva kwa njia hiyo), na TCP 22, maana mafaili ya wanafunzi yanapita kwenye SSH.

Ukisajili mwanafunzi mpya, rudia `ltsp initrd`. Nilikaa siku mbili nikidhani binti mmoja anakosea nenosiri lake, kumbe mashine haikuwa na habari kwamba yupo. Ukiongeza programu, rudia `ltsp image /`.

Na kwa RAM hiyo ya 2 GB, jua kwamba programu zinaendeshwa na mashine yenyewe, si seva. Kuandika barua na mahesabu ni sawa. Kivinjari chenye kurasa nyingi kitakwama.

La mwisho, wadudu wa ziwani. Wakija kwa mawingu jioni na taa zinawaka, wanaingia kwenye feni. Niliifungua seva ilipoanza kujizima, nikakuta tope jeusi limeganda kwenye mapezi ya kupozea, nikalitoa kwa mswaki. Funga dirisha la upande wa seva kabla ya magharibi.

Fundi_Kirumba
Marahaba mama. Hilo la wadudu ni kweli kabisa, Kirumba tunalijua.

Mwalimu_Buswelu
Wakuu, Mungu awabariki. Nimekaa mpaka saa sita usiku. Niliondoa vile viwili, nikaendesha amri moja baada ya nyingine. E32 ilitokea kama mama alivyosema, nikafungua bandari, ikaisha. Mashine 13 zimefika kwenye ukurasa wa kuingia. Nilizizima zote nikaziwasha kwa pamoja, zikachelewa kidogo ila zimefika.

Ya 14 inasema PXE-E61, nayo inalalamikia kebo. Nimeifuata ukutani, kichwa kimekatika pale mlango unapogonga. Kesho asubuhi nashuka mjini kutafuta vichwa vya RJ45, na kebo naipitisha juu ya mlango.