Naomba ushauri: hivi tabia ya mtu ndo inaamua siasa zake?

Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana hili jambo linaniumiza. Mimi na mdogo wangu ni baba mmoja mama mmoja, tumelelewa nyumba moja, ila kwenye siasa hatuelewani kabisa, yeye anataka utaratibu na mambo yabaki yalivyo, mimi nataka mabadiliko hata kesho, tukianza kuongea tunaishia kununiana wiki nzima.

Nikaanza kusoma soma nikakutana na zile sifa kuu tano za tabia, wanasema mtu anayependa mawazo mapya mara nyingi anaegemea mrengo wa kushoto (wanaotaka mabadiliko) na yule wa mpangilio na wajibu anaegemea kulia (wanaotaka mambo yabaki yalivyo), japo uhusiano wenyewe sio mkubwa kivile. Nikasema ndo sisi hao! Ila kuna utafiti kuhusu tabia na siasa ulitoka Marekani 2012, halafu 2016 wakatoa masahihisho kwamba data za siasa ziligeuzwa kimakosa, wahafidhina (wa kulia) wakasomeka waliberali (wa kushoto) na waliberali wakasomeka wahafidhina. Na hao hao walishasema tabia haisababishi siasa, ila vyote viwili vina mizizi ya pamoja ya kurithi. Hapo nikachanganyikiwa.

Sasa kwa mliosoma saikolojia au mna ndugu wa hivi, nimchukulie dogo kwamba ndo alivyoumbwa niache kubishana nae, au kuna namna ya kuongea tukasikilizana? Nampenda sana mdogo wangu, sitaki siasa itutenganishe.