Mama alipigwa leza ya presha ya macho akaambiwa amemaliza matibabu, hatukuelezwa kwamba nguvu yake hufifia

Wanajukwaa, ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mwaka 2019 mama yangu alipigwa leza macho yote mawili katika kliniki moja ya binafsi jijini Dar es Salaam kwa ajili ya glakoma, yaani presha ya macho. Presha ilishuka kutoka 28 hadi 17, daktari akamwambia aache dawa ya matone kwa kuwa amemaliza matibabu, nasi tukarudi nyumbani bila kupewa tarehe nyingine ya kliniki. Mwaka 2023 mama alianza kujigonga milangoni upande wa kulia. Tulipompeleka kwingine, presha ya jicho la kulia ilikuwa 31, na uoni uliobaki ulikuwa mdogo, wa katikati tu.

Siipingi leza. Utafiti wa Uingereza uliohusisha wagonjwa 718 ulionyesha kwamba, baada ya miaka 6, takriban macho 7 kati ya 10 yaliyoanza kutibiwa kwa leza yalikuwa hayahitaji matone wala upasuaji, baadhi yakiwa yamerudiwa leza. Hapa kwetu, utafiti uliofanyika katika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021 ulikuta kwamba baada ya mwaka mmoja leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, wakati matone ya timololi yalifanikiwa kwa asilimia 31. Kwa mgonjwa asiyemudu kununua matone kila mwezi, hiyo ni tiba ya maana sana.

Lakini takwimu hizo hizo zinasema kwamba yapo macho mengi ambayo leza haikuyatosha, na daktari anayeitumia anapaswa kulijua hilo kuliko mimi. Leza ya aina hii haitoboi tundu la kudumu; huziamsha seli za kichujio kinachopitisha maji ya jicho, na nguvu hiyo hupungua, kwa mmoja baada ya miaka, kwa mwingine mapema zaidi. Kwa hiyo presha lazima iendelee kupimwa maisha yote, kwa sababu ugonjwa huu kwa kawaida hauumi na mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa haurudi. Kupima presha huchukua dakika chache. Ni nani aliyeona dakika hizo ni nyingi mno kwa mama yangu?

Nimeiandikia kliniki hiyo barua mbili nikiomba nakala ya faili lake, na sijajibiwa. Nawaomba mliopigwa leza mseme hapa: je, mlielezwa kwamba huenda ikarudiwa? Je, mliandikiwa presha yenu kwenye kadi?

Jicho la kushoto limerudiwa leza mwezi uliopita katika hospitali nyingine. Tarehe ya kurudi tumeidai wenyewe, kabla hatujatoka mlangoni.