Mradi wa sayansi uhesabiwe kwenye cheti cha kidato cha nne?

Mleta mada
Wakuu, naleta hoja mezani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto, alikuwa anagombania nafasi kwenye friji na wenzake wanaotengeneza aiskrimu. Akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, yakawahi kuganda kuliko ya mwenzake yasiyochemshwa. Mwalimu akamwambia umechanganyikiwa. Baadaye, akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza swali hilohilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar. Wanafunzi wenzake wakamcheka Mpemba, lakini Osborne akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia wanalibishania hadi leo.

Kwa mtihani wetu, ugunduzi ule una alama ngapi? Sifuri. Sisi tunapima nani kakariri rangi ya mashapo, zile chembe zinazotuama kemikali zikichanganywa. Napendekeza kila mwanafunzi wa sayansi afanye mradi mmoja kidato cha tatu, uchukue asilimia 20 ya alama za mwisho.

Mwalimu wa Kemia
Mkuu, hii hoja ya mjini. Enzi za Kikwete liliposhuka agizo la maabara tatu kwa kila sekondari ya kata, wananchi walichangishwa na majengo yakasimama. Hapa kwetu chumba cha fizikia sasa ni stoo ya madawati mabovu. Bureti nzima, ile mirija ya kioo ya kupimia vimiminika, ninazo nne, watoto wanapita mia. Kwenye titresheni, yaani kudondosha asidi kwenye besi kidogokidogo na kupima, mmoja anafungua koki, mwingine anasoma kipimo, waliobaki wananakili. Halafu nisimamie miradi mia? Nitajaza alama za kichwani, kama tunavyojaza nyingine.

Mama Wawili
Mimi nina wasiwasi na mifuko ya wazazi. Shuleni kwa mwanangu kuna aliyeleta bwawa la umeme la plaiwudi, taa zinawaka, maji yanazunguka. Kaulizwa dinamo inafanyaje kazi, kimya. Kazi ya fundi ile! Na zawadi kapewa.

Fundi Sanifu
Mwalimu, bureti si kila kitu. Loweka choya kwenye maji ya moto, chuja. Kamulia limau, wekundu unakolea. Tia maji ya majivu, inageuka kijani. Hapo mtoto ana kiashirio cha asidi na besi bila kununua kitu dukani. Ajaribu sasa majivu ya mgomba na ya mkaa, yapi makali zaidi? Huo tayari ni mradi, na baba hawezi kumfanyia kwa hela.

Mwalimu wa Kemia
Choya naitumia, ndugu. Sibishii choya. Nabishia alama za taifa.

Mleta mada
Mama Wawili amenipa hoja badala ya kuninyang'anya. Kifaa kisipewe alama hata moja. Zipewe daftari la majaribio, lenye tarehe na yale yaliyoshindikana, na mahojiano ya ana kwa ana. Maonyesho ya Young Scientists Tanzania, yale ya miradi ya sayansi ya wanafunzi wa sekondari, yana mahojiano ya hivyo: jaji anasimama mbele ya bango, anamhoji mwanafunzi mwenyewe. Aliyenunua mradi hafiki swali la tatu.

Mwalimu wa Kemia
Sawa. Mhojaji asiwe mimi, maana mkuu wa shule anataka ufaulu uongezeke, na mimi namtegemea yeye. Aje mwalimu wa kata nyingine. Nauli yake na posho inatoka fungu gani? Mkinijibu hilo, nasaini leo.

Mama Wawili
Isije ikawa michango tena!