Vyuo vya uuguzi, acheni kuwapeleka wanafunzi wodini bila chanjo wala mpango wa PEP (dawa za kuzuia VVU baada ya kuchomwa)

Wakuu, hili limefumbiwa macho muda mrefu mno. Wanafunzi wa uuguzi Tanzania wanapelekwa fildi, wanachoma sindano, wanaweka kanula, wanazalisha. Mmoja akijichoma, anaambiwa "ulikuwa mzembe". Uzembe wa nani?

Tuanze na homa ya ini B, maana kila mtu anaogopa VVU na hii wanaisahau. Sindano yenye damu ya mwenye VVU huambukiza takriban watu 3 katika kila 1,000 wanaochomwa. Ya mwenye homa ya ini B, kwa mtu asiye na kinga, inaweza kufika 30 katika kila 100. Chanjo ipo: dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6. Mwanafunzi anayeingia wodini miezi mitatu baada ya kuripoti chuoni hawezi kuwa amemaliza, hata angechanjwa siku ya kwanza. Na wapo wanaoambiwa wakajitafutie wenyewe, wanalipia mfukoni na kuishia njiani. Msituambie walichanjwa utotoni. Ni kweli chanjo hii iliingia kwenye ratiba ya watoto nchini mwaka 2002, lakini kadi zao mmeziona? Asiye na kadi apimwe na achanjwe kabla hajagusa mgonjwa.

Wodini sasa. Kisanduku cha sindano kipo mezani kwa muuguzi, mgonjwa yuko kitanda cha mwisho. Mwanafunzi ama anatembea na sindano wazi wodi nzima, ama anairudishia kifuniko kwa mikono miwili, na hapo ndipo kidole kinapochomwa. Kisanduku kinatakiwa kukaa kwenye toroli, mkono ukinyooka unakifikia, na kifungwe kikifika robo tatu. Badala yake kinashindiliwa mpaka sindano zinachungulia mdomoni, na anayesukuma ya kwake anachomwa na ya mwingine. Hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu damu hujui ni ya nani na hakuna mgonjwa wa kumpima.

Leba nako mwanafunzi anakata kitovu bila kufunika kwa kitambaa cha gozi, damu inamrukia machoni, miwani ya kujikinga hakuna. Glovu anapewa saizi 8, mkono wake ni wa 6.5, vidole vinapwaya, halafu mnashangaa sindano inamteleza.

Akishachomwa, aoshe hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka. Asikamue, asinyonye, asipake JIK. Jicho lisuuzwe kwa maji safi mengi. PEP ianze haraka iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 2, na isivuke saa 72. Dozi ya kwanza haisubiri majibu ya mgonjwa. Kisha ni siku 28 mfululizo. Haya yote yanafundishwa darasani, na mtihani unayauliza. Lakini Ijumaa saa 4 usiku, CTC, yaani kliniki ya VVU, imefungwa mpaka Jumatatu saa 2 asubuhi, ufunguo wa kabati la dawa anao nani? Hizo ni saa 58 zimeteketea, na mwanafunzi bado anazungushwa kati ya muuguzi wa zamu na mkufunzi asiyepokea simu.

Kinachouma zaidi ni kwamba wanaficha. Anayetia saini kitabu chake cha mazoezi ndiye huyo huyo atakayemfokea, kwa hiyo anafunga plasta na kuendelea na zamu. Tukio haliandikwi, na chuo kinajisifu kwamba hakuna aliyechomwa.

Tunataka taarifa ya kujichoma isipitie kwa anayetoa alama. Dozi za kuanzia za PEP ziwepo kila zamu, usiku na sikukuu, na jina na namba ya mhusika vibandikwe ukutani.

Wazazi mnaolipa ada, muulizeni mkuu wa chuo maswali mawili: mtoto wangu alipata dozi ya 1, ya 2 na ya 3 tarehe zipi? Na akichomwa usiku wa leo, anampigia nani?