Wageni wa mpira wanakuja Kamalondo: nipike nini, niuze saa ngapi?

Binti Katuba
Yambo kwenu wote. Niko Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo. Nina malewa ndogo, kibanda cha chakula: mbabula (majiko ya mkaa) mbili, meza moja, mabenchi mawili. Mwezi ujao timu ya Dar es Salaam inakuja kucheza na Mazembe, na yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anayekaa mtaa wa Kamalondo, nyuma kidogo ya uwanja wa Mazembe, ameniambia nihamie kwenye lupango lake, ua wa nyumba yake, siku hiyo. Ushauri ninaopata unagongana. Huyu anasema Watanzania hawataki bukari (ugali wetu), niwapikie wali. Yule anasema nipandishe bei mara mbili kwa kuwa hawajui bei za Lubumbashi. Mume wangu anataka tukope kreti za Simba, bia ya hapa kwetu, tungoje ushindi. Mtaji ninao mmoja tu, ukienda umekwenda. Mliowahi kufanya kazi siku kama hizo, niambieni.

Mama Michopo
Mwanangu, nilikuwa na mbabula yangu Kamalondo tarehe 8 Novemba 2015, fainali ya Mazembe na USM Alger, na nilikuwepo tena 13 Aprili 2019 timu ya Simba ya Dar walipokuja kwa robo fainali. Sikiliza jinsi franga zinavyotembea siku ile.

Mpira ukianza saa tisa, kazi yako imekwisha saa nane. Watu elfu kumi na nane hivi wanaingia uwanjani, waliobaki wanakimbilia televisheni, na barabarani unabaki na watoto. Sufuria ikijaa saa hiyo, ni yako na nzi. Pesa iko asubuhi, tangu Cent pour Cent, kundi la mashabiki wa Mazembe, wanapoanza ngoma na tarumbeta zao. Mtu wa saa hizo hakai. Anataka cha kushika mkononi: michopo (nyama ya mbuzi ya kuchoma) kwenye karatasi, mikate, yai la kuchemsha, maji ya mfuko. Sombe yako (kisamvu) najua ni tamu, lakini sombe inadai benchi, maji ya kunawa na mtu asiye na haraka. Ipike jioni ya mkesha wa mechi, mabasi yanapofika.

Bia ya mkopo, hapana. Mwaka 2015 ilikuwa rahisi: Mazembe walikwishashinda 2-1 kule Algiers, kwa hiyo Samatta alipofunga penalti yake watu walianza kunywa kabla hata Assalé hajaongeza la pili. Lakini 2 Aprili 2023 Yanga walitufunga 1-0 hapahapa, na Kamalondo ikalala mapema. Mwenye kreti hakuulizi nani kafunga. (Ila mashabiki wa Simba wa 2019 walipenda sana kupigwa picha na zile chupa za bia zenye jina la timu yao. Hata wasiokunywa.)

Bei usiiguse. Basi zima linaulizana: wewe umekula kwa nani, umelipa ngapi?

Dereva wa Tunduma
Dada, mimi Mtanzania, niliendesha mashabiki wa Simba kuja huko 2019. Habari ya wali mnajihangaisha, ugali tunaula kwetu kila siku. Fikiria mtu aliyeingia Nakonde, akavuka Zambia, akapanga foleni mpakani Kasumbalesa na kadi ya homa ya manjano mkononi. Akishuka anatafuta choo, maji ya kuoga na pa kuchajia simu. Chakula kinafuata. Mama mmoja karibu na uwanja alikuwa na ndoo za maji ya moto na kitenge kama pazia. Alitoza kidogo sana, na kila aliyeoga alikula kwake.

Jambo jingine ni pesa. Nilikuja na shilingi, hakuna aliyezitaka. Nikatoa noti ya dola ishirini, ikarudishwa kwa sababu ya mchaniko ambao mimi mwenyewe sikuuona mpaka nilipooneshwa. Kama unamjua mbadilishaji mwaminifu, mweke karibu na meza yako.

Mechi yenyewe msinikumbushe. Okwi wetu alifunga mapema mno, tukaimba mpaka sauti zikakauka, halafu zikaingia nne za Mazembe. Nilidhani tutatoka pale kwa kujificha. Kumbe wenye jezi nyeusi na nyeupe walitaka habari za Samatta tu, Mtanzania aliyewachezea, wanamuulizia kama mtoto wa jirani aliyehamia mbali. Mmoja wao alitununulia soda.

Cheminot wa Kenya
Mimi ni wa mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, shabiki wa Lupopo, wapinzani wa Mazembe, na siku hiyo mpwa wangu anauza skafu nyeusi na nyeupe mpaka saa nane, jioni anarudi nyumbani kuvaa njano na bluu. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Dada, tafuta turubai. Masika haya mvua ya alasiri haisubiri filimbi ya mwisho, na mbabula iliyolowa huiwashi tena.

Binti Katuba
Asanteni sana. Bomba la yaya linatoa maji usiku tu, basi tutajaza mapipa mapema, na kuna kijana mwenye paneli ya jua atachaji simu. Mume wangu amesoma yote haya. Kuhusu kreti amenyamaza. Mama, hiyo michopo: ninunue mbuzi mzima au nyama ya kupima?

Mama Michopo
Mzima, na umnunue siku tatu kabla, kwa sababu mkesha wa mechi bei yake si ya kawaida. Wengi watakaotoka Dar ni Waislamu, kwa hiyo mtafute Mwislamu achinje alfajiri, na uwaambie wageni kabla hawajauliza. Nyama ya nguruwe isikaribie hiyo mbabula siku ile, hata kama mteja wako wa Katuba analia. Pilipili iweke kando kwenye kisahani. Ya kwetu iliwatoa machozi 2019 kabla mpira haujaanza.